Kumpunguzia Mfalme Chumba

Shukrani zote namrudishia Mwenyezi Mungu, aliyenipa macho ya kuona watu na umri wa kuwatazama bila haraka. Yeye anawajua waja wake kwa ndani. Sisi tunawajua kwa barazani tu. Sala na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nataka kumweleza mtu mmoja niliyekaa naye jirani muda mrefu hapa Kariakoo, upande wa kuelekea Msimbazi. Sitamtaja jina, maana sikukusudia kumsengenya. Na kwa kweli hata jina lake halikutumika sana. Watu wote walimwita Mwenye Nyumba, hata wale waliokuwa na nyumba zao wenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, ya zamani: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma wenye choo na bomba, na mbele baraza refu la saruji. Kushoto kwake na kulia kwake zimeshapanda ghorofa. Ukisimama barabarani ukaitazama, unaona kama jino moja lililobaki chini ya fizi. Pale barazani ndipo tulipocheza sataranji. Mitaa mingine wana drafti, wana karata, wana bao. Sisi tulikuwa na sataranji kwa sababu Mwenye Nyumba aliipenda, na baraza lilikuwa lake.

Alikuwa mtu msafi mno. Kanzu yake ilipigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Hakuwahi kupaza sauti. Katika miaka yote ile sikumsikia akitukana, wala akiapa, wala akimwita mtu mjinga. Akikasirika alikunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto, basi. Wageni walimwona mpole, na sisi tuliomjua tulikitazama kidole.

Niseme kwanza juu ya mchezo wake, kwa sababu nadhani ndipo alipojionyesha wazi zaidi kuliko alivyotaka.

Mwanzo wa mchezo haukumpendeza. Kete zikiwa nyingi ubaoni alicheza kama mtu anayevuka barabara ya Msimbazi mchana, akitafuta tu pa kupita. Kilichompendeza ni mwisho, pale ambapo mwenzake amebaki na mfalme peke yake. Hapo alikunja mikono ya kanzu, akaagiza kahawa, akajiweka sawa kwenye mkeka. Tena alikuwa na sharti moja ambalo baraza zima lililikubali bila kujua lilianza lini: hapa hakuna kusalimu amri. Wachezaji wa mahali pengine wakiona wamezidiwa humlaza mfalme wao, wakapeana mikono, wakaanza upya. Kwa Mwenye Nyumba hilo lilikuwa kosa la adabu. Mfalme lazima atembezwe mpaka afungwe mati, yaani atishwe na akose pa kukimbilia, na mwenye mfalme lazima akae amtazame.

Na hakutaka kumfunga kwa nguvu nyingi. Hilo ndilo lililoshangaza watu.

Siku moja alicheza na Mangi, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kilimanjaro mwenye duka la vyombo mkabala na sisi, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mweupe. Mangi alibaki na mfalme. Mwenye Nyumba alikuwa na malkia, ngome na farasi, na mtu yeyote angemaliza kazi kabla kahawa haijapoa. Yeye alimshika malkia wake akamsogeza karibu kabisa na mfalme wa Mangi.

"Mle," alimwambia.

"Mzee, unanitega."

"Sikutegi. Nakulisha. Mgonjwa hulishwa."

Mangi akamla malkia. Hatua mbili mbele Mwenye Nyumba akamtoa farasi naye vilevile, akasema, "Huyu wa nini? Kelele tu." Akabaki na mfalme wake na ngome moja. Ndipo akaanza.

Msomaji asiyejua mchezo huu aniwie radhi nimweleze kidogo. Ngome huenda mbele, nyuma na kando kwa mstari ulionyooka. Ukiisimamisha kwenye mstari mmoja, inakuwa ukuta ambao mfalme wa mwenzako hawezi kuuvuka. Kisha unamleta mfalme wako taratibu mpaka wafalme wawili watazamane uso kwa uso. Wakitazamana hivyo, ngome inasema cheki, yaani inamtisha mfalme, na yule mpweke hana njia ila kurudi nyuma mstari mmoja. Ukuta unamfuata. Unafanya hivyo tena na tena mpaka mgongo wake umefika ukingoni.

"Mzee, niue basi nikafunge duka!" Mangi alilalamika.

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Wateja wananisubiri!"

"Wateja wanakujua tayari. Hawa waliosimama hapa ndio wanaanza kukujua."

Watu wakacheka. Mangi alicheka nao mwanzoni. Mwishoni alikuwa anasukuma mfalme wake bila kutazama, na shingo imemwiva.

"Mwenye vingi hakosi kuua," Mwenye Nyumba alipenda kusema. "Muulizeni mwenye vichache anavyoua." Na msemo wake mwingine, aliousema akiwa anatazama ubao wala si watu: "Mfalme hapigwi. Hupunguziwa chumba."

Kilele cha ufundi wake kilikuwa kufunga mati kwa farasi na yule ambaye vitabu humwita askofu, sisi barazani tulimwita padri, na Mangi, ambaye ni Mkristo, alikuwa akisema, "Leo padri wangu anafanya kazi na farasi wa Waislamu." Kazi hiyo ni ngumu. Padri anatembea katika vyumba vya rangi moja tu, na ikiwa ni vyeupe, basi kona nyeusi hana uwezo nayo. Mfalme mpweke akijua hilo hukimbilia kona nyeusi akajibanza. Inabidi umtoe huko umtembeze ukingo mzima wa ubao mpaka kona ile ambayo padri anaifikia, na ukikosea hatua moja anapenya. Nilimwona Mwenye Nyumba akiifanya kazi hiyo mara nyingi. Kuna jioni adhana ya Magharibi iliingia mfalme wa mtu akiwa katikati ya ukingo. Tukaenda kuswali. Mwenye Nyumba aliswali vizuri, kwa utulivu, rukuu zake ndefu. Kisha akarudi, akaketi pale pale, akamwambia yule mwenzake, "Tulikuwa hapa," akaendelea.

Mimi nilicheza naye pia. Nilikuwa nafundisha watoto Kurani chuoni mtaa wa pili, na wazee wengine walininong'oneza kwamba maalim hafai kukaa kwenye sataranji. Niliwajibu kwamba hatukucheza kamari wala hatukuchelewa swala, na zaidi ya hapo namwachia Mungu. Yeye alinipenda kwa sababu nilikuwa mvumilivu. Alinifunga mati za kila namna na mimi nilikaa. Namshukuru Mungu kwa subira; ni mali ambayo haikunigharimu kitu, nilizaliwa nayo.

Lakini sitamtendea haki nikisimulia hayo tu.

Mkewe aliugua muda mrefu kabla ya kufa. Mwenye Nyumba alimwosha kwa mikono yake, akamlisha uji kwa kijiko, akamchana nywele. Hakumwachia binti yao kazi hiyo. Paka wa soko walimjua. Kila asubuhi aliwatandikia gazeti kwenye ngazi ya baraza akawawekea vichwa vya samaki, na akikuta paka mkubwa anamzuia mdogo, alisimama hapo na fimbo mpaka mdogo ashibe. Mtu akifa mtaani bila jamaa, sanda ilitoka kwake, na hakutaka itajwe. Na ukicheza naye ukamwacha malkia wako kwa bahati mbaya, hakumla. Alikurudishia, akasema, "Mchukue malkia wako. Mimi siokoti." Kwa muda mrefu nilidhani huo ni ukarimu. Baadaye nilifahamu kwamba hakutaka mtu afe upesi. Na bado siwezi kuapa kwamba haukuwa ukarimu pia. Mtu mmoja anaweza kuwa na sababu mbili kwa tendo moja, na Mungu peke yake ndiye anayezipima.

Sasa nije kwenye ile nyumba.

Alitokea mtu mwenye fedha, akitaka kiwanja ajenge ghorofa ya maduka. Sharti lake lilikuwa nyumba iwe tupu kabla hajakabidhi chochote. Wapangaji wakaambiwa. Watatu wakahama bila neno, wa nne akahamia kwa nduguye. Akabaki mmoja, chumba cha mwisho kulia: Fundi, mshonaji wa kanzu na sare za shule, mtu wa Lindi, pamoja na mkewe ambaye mtaa mzima tulimwita Shangazi. Fundi alikuwa amekwisha lipia chumba mwaka mzima, na mwaka ulikuwa bado mbichi. Mwenye Nyumba alipokea kodi ile kwa mkono wake, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Alisema hivyo mbele yetu.

"Sitamfukuza. Chumba ni chake mpaka muda wake uishe."

"Basi mwenye fedha atakungoja?" Mangi aliuliza.

"Hatangoja."

"Sasa?"

Mwenye Nyumba aliendelea kupanga kete.

Lazima nieleze kwamba Fundi ndiye aliyekuwa mchezaji mwenzake wa kila siku. Hakucheza vizuri. Alishindwa siku zote. Lakini alikaa na mfalme wake mpaka mwisho bila kulalamika, akimsogeza kwa kidole kimoja, akikohoa kidogo kwa sababu alikuwa na kifua. Mwenye Nyumba alimpenda kwa hilo. Nasema alimpenda, na sirudishi neno.

Kwanza iliondoka taa ya ukumbini. Fundi na Shangazi wakawa wanapapasa ukuta kufika mlangoni kwao. Kisha ukumbi ukajazwa mifuko ya saruji mpaka kikabaki kinjia cha mtu kupita ubavu. Bomba la uani likafungwa kwa kufuli; Shangazi akawa anaomba maji kwa majirani. Halafu baraza. Cherehani ya Fundi ilikuwa ikikaa pembeni mwa baraza tangu nilipowafahamu, na wateja wake walimjua kwa hapo. Mwenye Nyumba alimwambia kwa upole kwamba pembe ile anaihitaji, akaweka hapo mapipa mawili matupu. Cherehani ikaingizwa chumbani, ikakaa kati ya kitanda na dirisha. Kila jambo lilikuja baada ya lililotangulia kuzoeleka. Na kila alasiri, baada ya swala, wawili hao waliketi juu ya mkeka mmoja wakacheza, kama kwamba yaliyofanyika asubuhi yamefanywa na watu wengine.

Mara moja nilimsikia Fundi akimwambia, "Mzee, bomba."

"Bomba limefanyaje?"

"Limefungwa."

"Ndiyo. Zamu yako."

Fundi akasogeza.

Nilimuuliza Fundi faraghani kwa nini hahami. Alikuwa anakata kitambaa juu ya kitanda kwa kukosa meza. Akasema, "Niende wapi, Maalim? Wananishauri Mbagala. Mbagala kuna mafundi wamejaa. Hapa mzazi akitaka sare anasema nenda kwa yule wa barazani. Nikitoka hapa mimi si fundi, ni mzee mwenye cherehani." Kisha akatabasamu. "Na kodi nimelipa."

Nilikwenda kwa Mwenye Nyumba pia. Hilo namshukuru Mungu kwamba sikulinyamazia. Ilikuwa siku ambayo mafundi bati walikuwa juu ya paa wakitoa mabati upande wa kulia, mwisho, juu ya chumba cha Fundi. Alisema anataka kukagua mbao. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "yule ana kifua."

"Nimemgusa kifua, Maalim?"

"Umemtolea bati."

"Bati ni langu. Yeye kodi yake ni ya chumba, na chumba kipo. Kitanda kipo, ufunguo anao. Nimemfukuza?"

"Hujamfukuza."

"Nimemtukana?"

"Hapana."

"Na turubai nimemwekea. Wewe ungeweka?"

Nikamwambia amche Mungu. Akaniambia, "Tunamcha wote," na kidole chake kidogo kikajikunja.

Mvua ikaja. Ninyi mnaoishi mjini mnaijua: Jangwani kukajaa, barabara ikafungwa, watu wa mabondeni wakabeba magodoro kichwani. Turubai lile likashika maji katikati kama tumbo la ng'ombe, kisha likachanika. Tulimhamisha Fundi kwa muda nyumbani kwa Mangi. Alirudi mwenyewe mara mvua ilipopungua, kwa sababu vitambaa vya wateja vilikuwa kule ndani vinalowa. Alikaa siku chache akivianika na kuvikunja. Kifua kikajaa. Akafa asubuhi juu ya kitanda chake, Shangazi akiwa amemwegemeza mumewe kifuani pake ili apate pumzi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sanda ilitoka kwa Mwenye Nyumba. Alimwosha pamoja nasi, akabeba jeneza kwa bega lake mpaka makaburini, bila kupokezana, mzee wa umri ule. Aliingia kaburini kumpokea. Nilimwona akimlaza kwa taratibu sana, akimwelekeza kibla, akimwekea udongo shavuni. Sijui mtu anayeweza kufanya yote mawili. Nilimwona, basi naandika.

Siku ya nne, hitima imekwisha kusomwa, alikuja kwangu chuoni. Watoto walikuwa wametoka. Aliketi kwenye mkeka akaniuliza swali la dini.

"Maalim, mjane anakaa eda wapi?"

"Katika nyumba ya mumewe. Miezi minne na siku kumi, hatoki humo ila kwa dharura. Unalijua hilo."

"Nalijua. Lakini vitabu vinasema akiogopa nyumba kumwangukia, au akiogopa madhara, ana ruhusa ya kuhama akamalizie eda pengine."

"Ndivyo vinavyosema."

"Basi chumba kile hakina paa. Ukumbi una giza. Maji hakuna. Kina madhara."

Nje guta lilikuwa linapiga kengele.

"Madhara hayo nani aliyeyaweka?" nikamuuliza.

"Sikuuliza nani. Nimeuliza kama yapo."

Katika maisha yangu ya kujibu maswali ya watu, sikuwahi kusikia swali lililonyooka kiasi kile na kupinda kiasi kile. Na alikuwa sahihi. Ruhusa hiyo ipo. Nikamwambia, "Woga ni wake yeye. Twende tukamuulize kama anaogopa."

Tukaenda. Tukapita kinjia kile ubavu ubavu, tukasimama nje ya pazia la chumba. Shangazi alikuwa ndani. Nikatoa salamu, akaitika. Nikasema, "Shangazi, Mwenye Nyumba yupo hapa. Anataka kujua kama unaogopa kukaa eda humu ndani. Ukiogopa, sheria inakuruhusu uhame."

Kisha sauti yake ikaja, ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu bei ya kitambaa.

"Niogope nini, Maalim? Mvua imeshafanya kazi yake."

Mwenye Nyumba aligeuka akarudi barazani. Kumtoa mjane katika eda kwa nguvu hakuweza. Swala zake zisingemwachia. Mwenye fedha hakungoja miezi minne. Alinunua kiwanja kingine mtaa ule ule, na ghorofa yake imesimama hadi leo. Mangi na vijana wa soko walipanda juu wakarudisha mabati, na mtu mmoja, sitamtaja, alivunja lile kufuli la bomba.

Katika sataranji kuna kanuni ambayo wanaoanza huiona si ya haki. Ukimbana mfalme wa mwenzako mpaka akakosa kabisa pa kwenda, lakini hapo aliposimama hujamwambia cheki, mchezo umekwisha kwa sare, hakuna mshindi. Hata kama una kete zote na yeye hana hata askari mmoja. Mangi ndiye aliyelisema barazani, Mwenye Nyumba akiwa anasikia: "Mzee kapigwa sare na maiti."

Hakuna aliyecheka. Mwenye Nyumba alikusanya kete, akazihesabu kama kawaida yake, akaingia ndani. Kilichonisikitisha ni kwamba uso wake haukuwa wa mtu anayemlilia rafiki. Ulikuwa uso wa mchezaji anayerudia hatua zake, akitafuta aliharakisha wapi.

Eda ilipokwisha Shangazi alitoka, akayasukuma mapipa kando kwa mgongo wake, akairudisha cherehani kwenye pembe ya baraza. Alikuwa anajua kushona. Alikuwa amemsaidia mumewe tangu ujana. Mwenye Nyumba alipita hapo asubuhi akiwa na vichwa vya samaki vya paka, akaiona, akasema, "Asalaam alaykum." Akajibiwa. Basi.

Alipooza miaka michache baadaye, mguu na mkono wa kulia. Binti yake akamchukua kwake Mchafukoge, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Nilikuwa namtembelea. Maneno yake yalikuwa mazito kinywani lakini akili haikuguswa. Kama ilivyo desturi yetu mtu akihisi safari imekaribia, alianza kutuma watu kwa kila aliyewahi kuishi naye, kuomba radhi. Wengi walisamehe papo hapo. Mangi alinituma nikamwambie, "Nimekusamehe mzee wangu, ila yule malkia uliyenilisha hakunishibisha."

Kwa Shangazi alinituma mimi. Nilimkuta kwenye cherehani, sare za shule zimerundikana. Akanisikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa juu ya pedali.

"Mwambie njia anaijua," akasema.

"Hawezi kutembea, Shangazi."

"Kuna watu wanabeba mafriji ghorofani. Mzee mmoja hawatamshindwa."

Nikapeleka jibu. Mwenye Nyumba alifumba macho, akasema, "Nibebeni."

Basi wachukuzi wawili wa soko walimteremsha kwenye kiti cha plastiki, wakimtania njiani, "Mzee, wewe mwepesi, umebaki kanzu tu," wakamleta mpaka nyumbani kwake mwenyewe, wakampitisha ukumbini mpaka chumba cha mwisho kulia. Shangazi aliwaambia wamweke kati ya kitanda na dirisha. Wakatoka nje. Tukabaki watatu.

"Karibu, baba," alisema Shangazi. "Shikamoo."

"Marahaba." Alivuta pumzi. "Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote."

"Yote ni mengi. Taja."

Akanitazama. Akataja.

"Taa."

"Hiyo nimesamehe."

"Saruji. Ukumbini."

"Nimesamehe."

"Bomba."

"Maji niliyachota kwa miguu yangu mwenyewe. Nimesamehe."

"Bati."

Shangazi alitazama juu kidogo, kisha akamtazama yeye. "Bati, kwa upande wangu mimi niliyelowa, nimesamehe. Mungu ni shahidi, na Maalim."

Mwenye Nyumba akashusha mabega. Jasho lilikuwa linamtoka. Kisha akasema lile alilolijia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na Fundi."

"La Fundi sina."

"Wewe ni mkewe."

"Nilikuwa mkewe. Kile kifua kilikuwa chake, baba, hakikuwa changu. Changu nimekupa chote, sikubakisha. Cha mtu mwingine sitaweza kukigawa." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amekwisha kuchukua sare iliyokuwa kitandani na kuanza kutafuta tundu la sindano.

Mwenye Nyumba aligeuza shingo, kwa taabu, kunielekea mimi.

"Maalim. Vitabu vinasemaje?"

Nilikuwa namwombea Mungu asiniulize. Lakini aliniuliza, na mimi sijawahi kumdanganya mtu katika dini. Nikamwambia kwamba dhuluma aliyofanyiwa mtu mwilini mwake, radhi yake iko kwake, na akifa nayo huenda nayo, mpaka siku watakapokutana wote wawili mbele ya Mola.

"Hakuna ruhusa nyingine?"

"Mwombee dua. Mtolee sadaka. Mwombe Mungu amridhishe kwa niaba yako."

"Ataridhika?"

"Sijui, ndugu yangu."

Alitazama mlango. Alitazama dirisha. Mkono wake mzima ulishika ukingo wa kitanda, ukaachia. Shangazi akakaa kwenye kigoda, akaanza kushona vifungo. Baada ya muda mmoja wa wale wachukuzi aliinua pazia, akauliza, "Mzee, tukubebe?"

"Ngojeni," alisema.

Akangoja. Nasi tukangoja naye, Shangazi akishona kifungo kimoja baada ya kingine.

Ewe ndugu uliyevumilia kusoma mpaka hapa, Mungu akujaalie afya na riziki ya halali, akulainishe moyo mapema, na akuwezeshe kumfikia uliyemkosea angali na pumzi ya kukujibu. Amin.